MJADALA: Kupiga marufuku mkaa kunaokoa misitu au kunapandisha bei ya gunia tu?

Wakuu, kila likija suala la tabianchi hapa Bongo lazima atokee mtu aseme mkaa upigwe marufuku kabisa, misitu inaisha. Mimi napinga, na sio kwamba natetea mkaa. Tanuri la udongo nalijua, unazika magogo ya maana ukija kufukua unakuta kilichobaki ni kidogo, kingine chote kimeondoka na moshi na moshi wenyewe una methani, gesi inayozidisha joto duniani. Hapo hatubishani. Nabishana na dawa mnayoileta.

Mwanzoni mwa 2006 serikali ilishawahi kukataza mkaa, katazo halikumaliza hata miezi miwili, likalegezwa, maana watu mjini walikuwa hawana kingine cha kupikia. Hili agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa kufikia Januari 2024 sina ugomvi nalo sana, shule au gereza lina bajeti na linanunua kwa jumla. Majumbani ni habari nyingine.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kwenye kuni na mkaa mwaka 2034. Sawa, na mitungi ya kilo 6 ya ruzuku kupitia REA, wakala wa nishati vijijini, imegawiwa kweli. Sasa ingia uswahilini uone, mtungi upo, umefunikwa kitambaa kwenye kona, kazi yake chai ya asubuhi na kupasha kiporo, maharage yako nje yanachemkia kwenye mkaa tangu saa nne. Halafu mtu anasema elimu haijawafikia! Elimu gani tena, mkaa unauzwa kwa kopo, una buku leo unapika leo, gesi ikiisha inataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo na mama muuza vitumbua hela hiyo anaishika kila wiki ila haikai, kuna ada, kuna kodi, kuna mgonjwa. Ndo maana gesi ya mita, ile unalipia kidogo kidogo kwa simu, mimi naiona ina akili kuliko mitungi mia ya bure, tatizo haijafika kwa wengi.

Kuna wanaosema gesi nayo inachimbwa ardhini na inachafua, kwa hiyo ni kazi bure. Inachafua ndio, lakini haikati msitu, na msitu ukibaki unaendelea kunyonya hewa ukaa. Na anaetaka mkaa ubaki aangalie Kilosa kule Morogoro, vijiji vilipanga kukata kwa vitalu, visiki vikaachwa vichipue na hela ikabaki kijijini. Mbona hilo halienezwi?

Ila kinachoniuma zaidi ni umeme. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, umeme wa maji, na jiko la presha la umeme linaivisha maharage bila kumaliza yuniti moja. Kwa mtu wa D1, lile kundi la TANESCO la wanaotumia umeme kidogo majumbani, yuniti ni shilingi 100, hakuna mkaa wa bei hiyo popote. Shida ni kwamba D1 mwisho yuniti 75 kwa mwezi, ukivuka kila yuniti inayozidi ni 350, na ukizoea kuvuka unatolewa kabisa kwenye D1. Yaani mtu maskini akitii akaanza kupika kwa umeme, zawadi yake anapandishiwa bei, wakati jirani yake wa mkaa anabaki na umeme wa mia wa kuwashia taa na tivii. Hapo unamfundisha nani aache mkaa?

Kwa hiyo mnaotetea katazo naomba msiniletee picha za misitu iliyokatwa, nimeziona. Nijibuni hili tu: kwanini yuniti za kupikia zisiongezwe juu ya hizo 75 kabla ya kumfukuza muuza mkaa mtaani?