Natoa breki ya dramu mbele, naweka diski kwenye 150 niliyoibadili: ushauri tafadhali

Siti Moja
Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya cc 150 ya Kihindi niliyoibadili: usukani nimeushusha, siti ya mtu mmoja, rimu za spoku inchi 17. Mbele bado ina dramu ya waya. Nikishuka mlima Kitonga, kabla sijafika chini mkono wa breki unazama mpaka karibu na usukani, ikipoa unarudi. Fundi anataka kuchomelea kipande cha chuma kwenye mguu wa shokapu apachike kalipa (kile kibanio cha pedi za diski). Kalipa ninayo, ya pistoni mbili, na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayokaa kwenye usukani) ya inchi 5/8 iliyotoka kwenye pikipiki kubwa. Diski bado. Niendelee?

Spana Namba Nane
Mkuu, fundi asiwashe mashine ya kuchomelea kabisa. Mguu wa shokapu ni aluminiamu ya kumimina. Ukiuchomelea, joto linaulegeza na kuupinda, bomba la ndani linaanza kukwama. Halafu fikiria: ukikamata breki, nguvu yote ya kuisimamisha pikipiki inapita kwenye kile kipande. Kikikatika, kalipa inavutwa na diski, inaingia kwenye spoku, gurudumu linafunga hapo hapo. Na habu yako ya dramu haina pa kufungia diski hata hivyo.

Tafuta mbele nzima ya pikipiki moja yenye diski: shokapu zote mbili, gurudumu, ekseli na bushi zake, kalipa, na kishikio cha chini pamoja na nondo yake inayopita kwenye fremu. Kabla ya kulipa, pima urefu wa nondo hiyo na kipenyo cha mahali beringi zinapokaa, ulinganishe na ya kwako. Usisahau gia ya spidomita. Kwako imo ndani ya sahani ya dramu, ukiitoa sahani nayo imeondoka.

Diski iangalie maandishi ya MIN TH pembeni; chini ya unene huo usiichukue. Ukishafunga, funga kiwaya kwenye mguu wa shokapu kiguse diski kwa mbali, zungusha gurudumu. Yumbo likizidi milimita 0.3, mkono utakuwa unapigapiga.

Hydro
Hiyo masta ya 5/8 iache. Ni milimita 15.9, kazi yake ni diski mbili. Kwa kalipa moja ya pistoni mbili tafuta 12.7, yaani nusu inchi. Eneo la pistoni ya masta likikua presha inapungua, kwa hiyo kwa mkamato uleule, 5/8 inakupa asilimia 64 tu ya presha ya nusu inchi. Utaukuta mkono mgumu kama ubao, utadhani breki ni kali, kumbe pikipiki haisimami. Wengi wanadanganyika hapo.

Mama Gereji
Mwanangu, wakati unatafuta spea, hiyo dramu usiiache hivyo. Mkono unazama kwa sababu dramu ikipata joto inatanuka, inazikimbia shuu, yaani viatu vya breki vya ndani. Weka waya mpya. Breki inapouma, waya na kile kimkono cha kwenye sahani vikutane karibu digrii 90. Kikishapita hapo nguvu inapotea. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa chenye maji. Na Kitonga shuka na gia ndogo tokea juu.

Siti Moja
Asanteni sana, shikamoo mama. Kuchomelea nimeacha. Mpira wa kupitisha mafuta ya breki na kutoa upepo kwenye mafuta je?

Hydro
Chukua mpira wenye nyuzi za chuma, mpya. Chunga nyuzi za bolti ya mpira: kalipa nyingi za Kijapani ni M10x1.25, Brembo ni M10x1.0. Bolti isiyo yake inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakula nyuzi za kalipa. Washa za shaba mbili kila bolti, mpya.

Mafuta ni DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Oili ya injini inavimbisha sili, breki inang'ang'ania. DOT 4 mpya inachemka kuanzia 230°C. Ikishanyonya unyevu inashuka hadi 155, ndiyo maana inabadilishwa kila miaka miwili. Ikidondokea tenki, mwagia maji mara moja, inakula rangi.

Upepo: mpira mwembamba wa kuonesha kwenye chuchu ya kalipa (kile kinati cha kutolea upepo), spana namba 8. Kamata mkono, fungua, funga, ndipo uachie. Kikombe cha mafuta kwenye masta kisikauke. Kwa kuwa usukani umeshushwa, angalia tundu la kutokea mpira kwenye masta lisiwe juu kuliko masta yenyewe, maana upepo utakaa pale hata ukimaliza kopo zima. Zungusha masta kwanza. Na chuchu ya kalipa lazima iwe juu; ikiwa chini, umeifunga upande usio wake.

Spana Namba Nane
Diski ifute kwa spiriti. Dizeli inaacha mafuta. Pedi iliyoguswa na grisi tupa. Kisha zizoeshe pedi na diski kwenye barabara tupu: toka kilomita 50 kwa saa punguza hadi 10, mara 20 hivi, bila kusimama kabisa, ukiiacha ipoe katikati. Kitonga baada ya hapo.