Matembezi ya kutambua miti ya asili wakati wa kiangazi: tuanzie wapi?

NyaboKireka
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa misitu. Tuna kikundi cha kutembea hapa Kampala, watu kama ishirini, wengi vijana wa ofisini pamoja na wazazi wachache wenye watoto. Januari tunataka kuachana na vilima vya mjini, tuingie msituni na mwongozaji, tujifunze kutambua mimea ya asili. Kijana aliyekulia hapa anaijua jakaranda, anaujua mkalitunsi, lakini msimamishe chini ya mvule uone kama ataujua. Jambo hili linaniuma kwa kweli.

Shida ni msimu. Desemba hadi Februari jua ni kali na miti mingine inapukutisha majani, kwa hiyo baadhi ya wenzangu wanasema tungoje mvua za Machi. Dada yangu aliyeko Kanada ananiambia kwao watu hutembea hata kwenye theluji na mwongozaji, na mti usio na jani wanautambua kwa gome na machipukizi. Kwetu inawezekana? Na tuanze na msitu wa Mabira, msitu wa Mpanga au bustani ya mimea ya Entebbe?

MzeeWaMawokota
Nyabo, msingoje mvua. Kiangazi njia hazitelezi, na mtu asiye na majani ya kutazama hulazimika kutazama shina, ambako ndiko kwenye elimu. Miti mikubwa ya msituni majani yake yako juu sana, hata mvua ikinyesha huyaoni vizuri.

Nendeni Mpanga, barabara ya Masaka, karibu na Mpigi. Mabira ina karibu kilomita za mraba 300, wageni mtachoka kabla hamjajifunza. Mpanga haifiki hata 5, na miti mikubwa imo. Muulizeni mwongozaji mti uitwao mpewere. Mizizi yake imesimama kama kuta kuzunguka shina. Kisha inameni: vijani vyake ni vidogo mno, vimetapakaa chini, na hivyo ndivyo vitakavyowathibitishia. Mti wa musizi nao una gome la kijivu lililopauka, lenye mifereji mirefu ya wima ambayo mara nyingi imejipinda, na jani lake lina meno pembezoni. Mvule, okoteni jani mligeuze: mishipa imetokeza, na katikati yake kuna wavu mwembamba. Kikonyo kibichi kikivunjika kinatoa utomvu mweupe.

Msichanje shina kutafuta utomvu. Hiyo ni hifadhi.

AkelloLira
Naunga mkono mzee. Huku kwetu kaskazini kiangazi ndicho msimu wenyewe. Mti wa shea, huu unaotupa moo yaa, yaani mafuta ya shea, huchanua wakati wa ukavu. Jirikiti ndiyo usiseme, unasimama bila majani, maua mekundu tupu, na gome lake nene lina miiba. Hata mtoto akishauona hausahau.

MbeguZaAsili
Mimi napingana kidogo na wazee wangu. Kwa miti sawa. Lakini NyaboKireka ameandika mimea, na mimea midogo ya chini huoni sana wakati wa ukavu. Pia mti wa mutuba hubanduliwa gome la kutengenezea lubugo, yaani nguo ya gome, msimu wa mvua, kisha shina linafungwa majani ya mgomba ili gome lirudi. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005, na huko Mawokota mafundi bado wapo. Kwa hiyo nendeni Januari, halafu rudini Aprili mahali palepale. Mti mmoja uutazame misimu yote miwili, hapo ndipo utaujua.

Entebbe ni pazuri, bustani ile ipo tangu 1898, ila miti mingi iliyomo ililetwa kutoka mbali. Ukimpeleka mgeni huko kwanza atachanganya ya asili na ya kuja.

Jambo lingine: mwambieni mwongozaji mapema kwamba mnataka mimea. Wageni wengi huulizia nyani na ndege, naye anajiandaa hivyo. Na watu ishirini kwenye njia nyembamba ni wengi, wa nyuma hasikii kitu. Gawaneni makundi mawili, kila kundi na mwongozaji wake, na msitake kujua zaidi ya miti minane siku hiyo.

Kato_Jinja
Mkifika Mabira siku nyingine, ombeni muonyeshwe mforosadi wa karatasi. Ni wa kuletwa kutoka Asia, na umevamia sehemu kubwa ya msitu ukazuia miche ya asili. Majani yake yana manyoya, na mti mmoja unaweza kuwa na majani ya maumbo tofauti. Kuujua huo ni muhimu sawa na kuujua mvule.

Suruali ndani ya soksi, siafu hawana msimu.

NyaboKireka
Mwebale nnyo, wazee na ndugu zangu. Tumeamua Mpanga Januari, makundi mawili. Watoto wa miaka tisa, kumi, wataweza?

MzeeWaMawokota
Wataweza, njia ni tambarare. Wape kazi ya kuokota majani yaliyoanguka, mwongozaji awatajie mti. Maji wabebe ya kutosha, na muanze saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali.