Homa, sahani au simu ya mwalimu: mtoto mgonjwa abaki nyumbani lini?

Mama wa Sambaza (Kadutu)
Jambo kwenu wote wa Bukavu. Naomba tulinganishe, maana kwangu kila mtu ana sheria yake. Papa wa watoto anafuata kipimo cha joto: kikifika 38, hakuna shule. Mama mkwe anaangalia sahani: mtoto akimaliza uji, avae yunifomu. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na siku nisipofungua meza hatuli vizuri. Kwa hiyo nampeleka, halafu namwomba mwalimu anipigie hali ikibadilika. Ninyi mnafuata ipi?

Papa Bagira
Kipimo, bila mjadala. Mkono kwenye paji la uso hudanganya, zaidi ukiwa umetoka kushika maji baridi. Weka kwapani asubuhi, kabla ya kumpa dawa yoyote.

Mwalimu wa Tatu B
Mama Sambaza, nisamehe, lakini njia yako ndiyo dhaifu kuliko zote. Watoto wa parasetamol tunawajua. Wanapewa alfajiri, wanaingia wakicheka, halafu saa nne dawa inaisha nguvu na kichwa kinalala juu ya dawati. Hatuna chumba cha wagonjwa, namlaza benchi ya nyuma. Nikikupigia, uko katikati ya kelele za soko, husikii. Na wakati huo wote amebanana na wenzake kwenye benchi moja.

Ila mafua bila homa, mleteni tu. Tukirudisha kila mwenye makamasi, msimu wa mvua nitafundisha kuta.

Mama Mapacha
Mimi niko na mama mkwe wako. Kipimo kiliniambia 37 na kitu, mtoto kalegea, hataki hata kucheza. Nikambakiza. Jioni homa ikapanda, kituoni wakampima: malaria. Ningefuata namba angekuwa darasani.

Papa Bagira
Lakini wako wanaokula vizuri huku wana tetekuwanga mwili mzima! Huyo sahani itampeleka shule akaambukize darasa lote.

Muuguzi wa Zamu (Ibanda)
Mnabishana kwa sababu mnajibu maswali mawili tofauti. La kwanza: je, mtoto ataweza kukaa darasani? La pili: je, ataambukiza wenzake? Malaria ya Mama Mapacha ni ya swali la kwanza. Haimrukii jirani wa benchi, bila mbu haiendi popote, lakini mtoto mwenyewe anaweza kuzidiwa haraka. Apimwe, amalize dawa zote hata akichangamka siku ya pili. Tetekuwanga ya Papa Bagira ni ya swali la pili: mtoto anaruka kamba uani, na bado abaki mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Mara nyingi ni kama wiki moja.

Kwa homa, 38 ni mpaka mzuri, lakini arudi shule akimaliza saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Hilo la "bila dawa" ndilo wazazi wanaliruka, Mwalimu amelieleza. Kutapika na kuhara: saa 24 tangu mara ya mwisho, 48 ni salama zaidi. Surua: siku 4 tangu vipele vitokee.

Sisi wa Kivu tuna mawili ya kuongeza. Kipindupindu hakijatuacha, kwa hiyo mtoto anayehara maji meupe kama ya kuoshea mchele asisubiri kesho. Mpe maji yenye chumvi na sukari (lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi) mkiwa njiani kwenda kituoni. Na Mpox, ugonjwa wa virusi wa vipele: tangu ule mlipuko wa Kamituga, huku kwetu Kivu ya Kusini, mwaka 2023, vipele vyenye usaha, hasa vikifika viganjani na nyayoni, msivipe jina wenyewe nyumbani. Akithibitishwa anayo, hukaa mbali na wenzake mpaka magamba yaanguke na ngozi mpya itoke, wiki 2 hadi 4.

Hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege au haamki vizuri? Hapo hatuongelei shule tena. Kimbieni.

Aspirini msiwape watoto wenye homa, tafadhali. Bado naiona.

Mama Mapacha
Na chawa?

Muuguzi wa Zamu (Ibanda)
Aende shule. Atibiwe jioni, na mkague vichwa vya nyumba nzima.

Mama wa Sambaza (Kadutu)
Aksanti, dada. Nimeelewa, lakini hakuna aliyegusa meza yangu. Saa 48 ni siku mbili za soko.

Papa Bagira
Kweli hiyo. Kwetu mama watatu wa uani wanapokezana, aliye na siku nyepesi anabaki na mgonjwa. Ila wa kuhara tunamtengea kikombe, na anayemwangalia ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula cha wengine.

Mama wa Sambaza (Kadutu)
Basi wangu kesho habebi mkoba, jana usiku ametapika. Jirani atakaa naye mpaka saa sita, nitauza nusu siku. Mwalimu, na lile jaribio la hesabu?

Mwalimu wa Tatu B
Atalifanya akirudi. Mtume kaka yake achukue daftari la mwenzake, tumeanza kugawanya kwa tarakimu mbili.