Naomba ushauri: bondia bora bila kujali uzito apimwe kwa kigezo gani?

Ndugu wapenzi wa ngumi, naomba mnisaidie kupata kigezo cha haki. Binafsi naelemea kwa Terence Crawford, ambaye Septemba 2025 alipanda hadi uzito wa Canelo Álvarez na kumshinda kwa pointi; ni bondia anayejulikana kwa kubadili mguu wa mbele katikati ya raundi hata mpinzani asijue konde litatokea mkono upi. Hata hivyo, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury mara mbili mwaka 2024, ingawa Fury alimzidi kimo na kilo nyingi. Naoya Inoue naye ameunganisha mikanda yote ya ubingwa katika uzito wa aina mbili. Je, kupanda uzito kuhesabiwe zaidi ya ubora wa wapinzani, ilhali bondia wa uzito wa juu kama Usyk hana tena pa kupanda?