Ukungu wa kichawi, mishale ya mbali na umakini wa mchawi: naomba ufafanuzi wa kanuni

MsimamiziNjiro (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni msimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, katika kikundi chetu kinachokutana Njiro kila Jumamosi jioni, na tunafuata kanuni za toleo la tano kama zilivyochapishwa mwaka 2014. Pambano letu la mwisho lilikwama kwa sababu wachezaji walitofautiana juu ya mambo matatu, yote yakitokana na uchawi mmoja tu, ule wa kutandaza ukungu.

Mchawi wetu aliutandaza katikati ya kambi ya mazimwi, naye mwenyewe akabaki ndani yake. Mpiga upinde alikuwa kilimani, futi 200 kutoka hapo, akitaka kulilenga zimwi lililokuwa ukunguni. Je, arushe dadu kwa hasara, kwa kuwa haoni anachokilenga na pia umbali umezidi futi 150 ambazo ndizo masafa ya kawaida ya upinde mrefu? Baadaye zimwi mojawapo lilijiondoa kando ya mpiganaji wetu wa upanga, wote wawili wakiwa humohumo ukunguni, na mpiganaji akadai haki ya kulipiga linapoondoka. Mwisho, mazimwi mawili yalimfikia mchawi, moja likamtoa pointi 14 za uhai na jingine 18. Je, mtupo wa kulinda umakini, yaani dadu ya kuamua kama mchawi aliyeumizwa bado anaushikilia uchawi wake, ufanywe mara moja kwa jumla ya 32, au mara mbili?

Naomba majibu yatokane na maandishi ya kanuni. Mazoea ya mezani tunayo ya kutosha, na ndiyo yaliyotugombanisha.

DaduZaRau (Moshi)

Ndugu Msimamizi, nianze na mpiga upinde, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hukosea. Anayemshambulia adui asiyemwona hurusha kwa hasara, yaani hutupa dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo. Lakini anayemshambulia adui ambaye naye hamwoni hurusha kwa faida, yaani huchukua iliyo kubwa. Ukungu huo huzuia macho kabisa, kwa hiyo zimwi lililomo halimwoni mpiga upinde, kama vile yeye asivyoliona. Faida na hasara zikikutana hufutana, na kanuni inasema wazi kwamba hufutana hata kama sababu za hasara ni nyingi na ya faida ni moja tu. Kwa hiyo umbali hauongezi kitu: mpiga upinde wako anarusha dadu moja, kama mtu anayelenga mchana kweupe kwa masafa ya karibu.

Kwa mpiganaji wa upanga jibu ni fupi. Shambulio la fursa hutolewa dhidi ya adui *unayemwona* akitoka katika eneo unaloweza kulifikia kwa silaha yako. Hakumwona, basi hana haki hiyo. Neno hilo la kuona linajitokeza pia katika uchawi mwingi, na ni vema ulikague kabla ya kuruhusu jambo lolote ukunguni. Mishale ya kichawi isiyokosa shabaha humhitaji anayelengwa aonekane, na neno la uponyaji vilevile, ilhali uponyaji wa kugusa kwa mkono hauna sharti hilo.

Kuhusu umakini, kila chanzo cha madhara kina mtupo wake. Kiwango cha kufikia ni 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa. Nusu ya 14 ni 7 na nusu ya 18 ni 9, kwa hiyo mara zote mbili kiwango ni 10. Mngejumlisha kuwa 32, kiwango kingekuwa 16. Kama nyongeza ya mchawi wako juu ya dadu ni 2, uwezekano wake wa kuvuka mitupo miwili ya 10 ni takriban asilimia 42, na wa kuvuka mmoja wa 16 ni asilimia 35. Kutenganisha kumemsaidia safari hii. Lakini msidhani ndivyo ilivyo siku zote, maana mishale miwili ya madhara 5 na 6 ingemlazimu kuvuka 10 mara mbili, wakati jumla yake, 11, ingedai kuvuka 10 mara moja tu.

Upinde_Sakina (Arusha)

Nakubaliana na hesabu, ila jibu la mpiga upinde linanitatiza. Anayepanda Marangu asubuhi ya mwezi wa saba anaujua ukungu ulivyo: usichokiona hukilengi, hata kama nacho hakikuoni. Kumpa mtu aliye futi 200 mtupo wa kawaida, wakati bila ukungu angerusha kwa hasara, maana yake ni kwamba ukungu umemboreshea macho. Mimi ninapokuwa msimamizi huamua kwamba hasara ya umbali inabaki palepale. Kitabu chenyewe kinampa msimamizi mamlaka ya kuamua, na nadhani hapa ndipo pa kuyatumia.

DaduZaRau (Moshi)

Kaka wa Sakina, mamlaka hayo sikatai, lakini muulizaji ameomba maandishi. Tena usisahau kwamba mpiga upinde lazima ajue adui yuko wapi. Kutoonekana si sawa na kujificha: zimwi linalopiga kelele au kukanyaga majani hujulikana lilipo, hadi litumie zamu yake kujificha na kushinda kwa utulivu wake uangalifu wa wanaolitafuta. Likishajificha, mpiga upinde atabaki kukisia mahali pa kulenga, na akikisia vibaya mshale umepotea, dadu iwe imesema nini. Nadhani hiyo ndiyo gharama unayoitafuta, na imo tayari katika kanuni.

MsimamiziNjiro (Arusha)

Nimewaelewa nyote, nami nashukuru. Nitafuata maandishi kama yalivyo, na mazimwi yangu yataanza kujificha. Nabakiwa na swali moja dogo: mchezaji mmoja anataka kuupeperusha ukungu huo kwa upepo wa kichawi. Inaruhusiwa?

DaduZaRau (Moshi)

Inaruhusiwa. Ukungu huo hudumu hadi saa 1 maadamu mchawi anaushikilia kwa umakini wake, lakini hutawanywa na upepo wa kasi ya maili 10 kwa saa au zaidi, uwe wa kichawi au wa kawaida. Kwa hiyo pambano likiwa nje, amua hali ya hewa kabla mchawi hajatumia nguvu zake, na uwatangazie wachezaji wote. Nakala ya kanuni za msingi ilitolewa kwa leseni huria ya Creative Commons mwezi Januari 2023, kwa hiyo kila mmoja wenu anaweza kuwa nayo kwenye simu bila malipo, akasoma mwenyewe kifungu kinachobishaniwa zamu yake ikiwa bado haijafika.