Mama KAKATAA vipimo, ninyi mmeandika KAKANA kiwanja!

Wakuu, naandika huku natetemeka kwa hasira.

Mama yangu ana kiwanja njia ya Pongwe, hapa Tanga, alichoachiwa na marehemu baba. Wamepita wapimaji wa urasimishaji, wale wanaopima viwanja vya watu ili vipate hati, wakachimbia jiwe la mpaka hatua 6 ndani ya eneo lake, minazi 2 ikahamia kwa jirani. Kwenye kikao mama akasimama mbele za watu: "Vipimo hivi sivitaki, na sahihi siweki." Basi. Mwandishi wa kikao akaandika: "Bi. fulani amekana kiwanja."

AMEKANA! Mtu anapokea mshahara kwa kuandika, hajui kukataa na kukana?

Anayekataa kaletewa jambo, halitaki. Anayekana anasema hiki si changu, sikijui, simo. Mshtakiwa hukana shitaka. Baba akimkana mwana, mwana hana baba tena. Ndiyo maana mama aliposomewa muhtasari ule aliishiwa nguvu palepale kwenye benchi, akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimemkana baba yenu?" Nikakosa la kumjibu.

Najua atatokea wa kuniambia mbona vijana "wanakataa mimba". Sawa, mtaani neno limelegea. Muhtasari wenye mhuri si mtaani!

Na maneno yapo tele. Angeandika amepinga mpaka. Amegoma kusaini. Hata "ametia ngumu" ningelimeza. Asingeweza kuandika amesusa, maana mama hakususa, alikaa kikaoni mpaka dua ya mwisho. Katika maneno yote hayo akaokota lile moja linalomvua mjane haki yake.

Nimekwenda mara 4 kuomba wasahihishe. Naambiwa, "Kijana, si yaleyale tu." Yaleyale? Jirani kashatoa fotokopi, anaitembeza: mwenyewe kakana, someni! Tangu 2021 sheria imeifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili. Karatasi hii ikifika kwa hakimu itasomwa hivyohivyo ilivyo, na mama atatakiwa aeleze kwa nini alikana asichokikana.

Mwenye kujua barua ya kusahihisha muhtasari inaandikwaje, na wakiikataa hiyo nayo inapelekwa kwa nani, aniwekee hapa. Jumatatu asubuhi narudi, na safari hii naongozana na mama mwenyewe.