Naomba ushauri: paka yuko kwenye joto, atolewe kizazi sasa au tusubiri?

Habarini wadau. Paka jike wa miezi 8, hapa Umoja, yuko kwenye joto, yaani anataka dume: analia usiku kucha, anabinua kiuno na kuweka mkia upande. Joto la paka hufuata urefu wa mwanga wa siku, na Nairobi tuna saa 12 hivi za mwanga mwaka mzima, kwa hiyo halina msimu. Asipopandwa, kwa kawaida hurudi baada ya wiki 2 au 3. Akifanyiwa upasuaji sasa, mishipa ya kizazi imejaa damu na hatari ya kuvuja inaongezeka. Tukisubiri, madume ya ploti yako dirishani, na kupandwa ndiko kunakoachilia mayai. Sindano ya kuzuia joto siitaki kabisa, inaweza kuleta usaha kwenye kizazi. Waliopitia hili, daktari alikubali kupasua au aliwaambia msubiri siku ngapi? Na bei Eastlands ikoje?